Na wa Kwetu ni Yupi?

Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019 nilikuwa Newala, ndani ya banda umiza lenye benchi za mbao na turubai mlangoni, nikitazama Taifa Stars ikicheza na Uganda. Mliokuwa mnafuatilia mpira mwaka ule mnakumbuka hesabu zilivyokuwa: sisi tushinde Dar es Salaam, Lesotho isishinde kule Cape Verde, halafu twende fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Banda lilijaa mpaka watoto wakakaa chini mbele ya luninga, wakikaripiwa kila walipoinua vichwa.

Simon Msuva akafunga la kwanza. Upande wa kushoto ukaruka: "Yanga hiyo!" Msuva alikwisha kuondoka Yanga, alikuwa Morocco, lakini hilo halikumsumbua mtu. Kipindi cha pili Erasto Nyoni akapiga penalti ikaingia, na upande wa kulia ukajibu: "Mnyama! Mnyama!" Dakika chache baadaye Aggrey Morris wa Azam akafunga la tatu. Azam haikuwa na watu mle bandani, kwa hiyo goli hilo tulilishangilia wote kama Watanzania.

Kelele zilipopungua, mjomba wangu aliyekuwa amekaa karibu na mlango akauliza, bila kumwelekea mtu yeyote, "Na wa kwetu ni yupi?"

Kijana mmoja akageuka. "Shikamoo mzee. Si wote hao wa kwetu?"

"Marahaba. Najua ni wetu wote. Nimeuliza wa kwetu."

Hakuna aliyejibu. Sisemi kwamba hakukuwa na mtu wa Kusini katika kikosi kile. Ninachosema ni kwamba sisi tuliolipa kiingilio tukakaa mle ndani hatukujua mchezaji yupi amezaliwa wapi wala amelelewa na nani. Tulijua klabu zao tu. Ungetuuliza nani ni wa Simba na nani ni wa Yanga, hata watoto wa chini wangekupangia kikosi kizima.

Swali la mjomba lilikaa nami. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kila nikikaa na wenzangu wa Makonde, wa Masasi, Newala na Tandahimba, nawatupia lilelile. Wengi hucheka. Kisha wanaanza kubishana kuhusu Simba na Yanga.

*

Jibu la haraka ambalo watu hutoa ni kwamba Kusini tulichelewa. Mpira ulianza mjini, nasi tuko mbali na mji. Jibu hilo lina kasoro. Wamisionari wa UMCA walifungua kituo chao Masasi mwaka 1876, wakitokea Zanzibar pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Shule yao ya Kiungani, kule Unguja, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa mpira wa miguu ulipochezwa katika pwani hii, na vijana waliosoma Kiungani ndio waliokuja kuwa walimu na makasisi huku kwetu. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri, mwaka 1890, alifanya kazi Chitangali, jirani na Newala. Kwa maneno mengine, njia kati ya uwanja wa Kiungani na vijiji vyetu ilikuwa wazi miongo kadhaa kabla Yanga haijaanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Kama kuchelewa ndiko kungekuwa sababu, sisi tungekuwa mbele.

Kilichotuweka nyuma kilikuja baadaye, nacho kilihusu mahali wachezaji wanapochaguliwa.

Tanganyika ilianza kucheza Kombe la Gossage, dhidi ya Kenya na Uganda, mwaka 1945. Ililichukua mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, kisha tena 1964 na 1965. Timu ya taifa ilihitaji mtu wa kuwaona wachezaji, na mtu huyo aliishi Dar es Salaam au Tanga, mahali penye klabu, reli na magazeti. Vijana wengi wa Kusini wa zama hizo nao hawakuwa nyumbani. Walikuwa manamba katika mashamba ya mkonge, au vibarua mjini. Babu yangu mzaa mama alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akarudi na koti, baiskeli na Yanga. Koti lilichakaa na baiskeli iliuzwa. Yanga ilibaki ndani ya nyumba yetu mpaka leo.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Tangu hapo, ukiondoa miaka michache ya akina Cosmopolitan, Mseto ya Morogoro, Tukuyu Stars mwaka 1986 na Coastal Union mwaka 1988, kombe limezoea kulala Kariakoo, kati ya Jangwani na Msimbazi. Redio ikalisambaza hilo. Mjomba anasimulia kwamba utotoni mwake kijiji kizima kilikuwa na redio mbili zenye betri za kuaminika, na mechi ya watani ilipotangazwa watu walitoka mashambani mapema. Hawakuwa wamemwona hata mchezaji mmoja kwa macho. Walimwona kwa sauti ya mtangazaji, na sauti ile haikuwahi kuja kutangaza mechi ya Newala na Masasi.

*

Hapa niseme jambo kuhusu mikataba, kwa sababu vijana wa umri wangu tunadhani mkataba wa mchezaji ni kitu kilicholetwa na Azam TV.

Zamani mkataba wa mchezaji wa Tanzania ulikuwa ajira. Mpira ulikuwa wa ridhaa, lakini mashirika ya umma yalikuwa na timu, na mchezaji mzuri alipewa kazi: karani, dereva, mtunza ghala. Asubuhi anasaini daftari la ofisi, jioni yuko mazoezini. Ndiyo maana majina ya timu nyingi za zamani yanasomeka kama orodha ya viwanda na mashirika: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara. Baadhi ya timu hizi ziliwasumbua sana vigogo wa Kariakoo, na mchezaji aliyekuwa nazo aliweza kuonekana bila kuhamia Dar es Salaam.

Angalia sasa mazao. Pamba ilizaa timu Mwanza. Sukari ilizaa Mtibwa Sugar, iliyochukua ubingwa mwaka 1999 na 2000, na Kagera Sugar. Korosho je? Zao hili ndilo linalotulisha Masasi, Newala na Tandahimba. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vya kubangulia korosho katika miji ya Kusini, Newala na Masasi ikiwamo. Lakini wakati viwanda vinakamilika uzalishaji wa korosho ulikuwa umeporomoka, kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao. Vingi havikuwahi kufanya kazi kwa uwezo wake, na vingine vilifungwa. Korosho ikaendelea kusafirishwa ghafi kwenda India, ikabanguliwe huko.

Kiwanda kisichofanya kazi hakiajiri karani, wala winga wa kulia. Sukari iliacha timu za kudumu katika ligi kuu, korosho haikuacha. Ninapomsikia mtu akisema vijana wa Makonde hawana moyo wa mpira, huwa nataka kumpeleka akaone yale majengo.

Mjomba wangu alikuwa winga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliitwa kambi ya timu ya mkoa kwa ajili ya Kombe la Taifa, mashindano yaliyokutanisha timu za mikoa. Kwa mchezaji wa mahali kama petu, Kombe la Taifa ndilo lilikuwa dirisha: huna klabu kubwa, lakini mkoa wako unakupeleka mahali wachaguzi walipo. Anasema alicheza mechi mbili, akaumia goti, akarudi kwenye mikorosho. Nimetafuta jina lake katika magazeti ya zamani niliyoweza kuyafikia. Magoli ya Kariakoo yameandikwa mpaka dakika, lakini yeye hayumo. Nilipomwambia, hakushangaa. "Wewe unatafuta karatasi," alisema. "Sisi tulicheza."

*

Kuna mtu atasema umbali nao una lawama yake, na ni kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Mvua zikinyesha barabara ilikatika, na safari ya Dar es Salaam ilihesabiwa kwa siku. Timu ya ligi yenye mechi za nyumbani na ugenini ingeishije hivyo? Hata baada ya daraja, safari ya Newala kwenda Mtwara mjini, zaidi ya kilomita 100 za vumbi jekundu, ilikuwa mtihani wake.

Lakini umbali peke yake hauelezi kwa nini banda umiza liligawanyika nusu Yanga, nusu Simba. Watu walio mbali wangeweza kujenga chao na kukipenda. Nadhani sisi tulifanya jambo la akili kuliko tunavyosifiwa: tulipenda mahali pa uamuzi. Kama mlango wa timu ya taifa uko Kariakoo, basi shabiki wa Newala anayetaka kuwa na sauti katika habari ya Taifa Stars lazima awe na upande Kariakoo. Ushabiki wetu ulikuwa njia ya kuingia kikaoni.

Ndiyo maana kila ugomvi wa uteuzi wa timu ya taifa huku kwetu unafika ukiwa umevaa jezi ya klabu. Marcio Maximo, Mbrazili aliyeifundisha Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, alikaa muda mrefu bila kumwita kipa Juma Kaseja wa Simba. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima wakikosa kusalimiana kwa ajili ya hilo. Agosti 2018 Emmanuel Amuneke, kocha kutoka Nigeria, aliwaondoa kikosini wachezaji sita wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini, kuelekea mechi na Uganda kule Kampala. Kwa kocha lilikuwa suala la nidhamu. Kijiweni kwetu lilikuwa suala la Simba kuonewa, na wa Yanga wakasema kocha ana msimamo. Hakuna upande uliouliza kama miongoni mwa nafasi hizo sita ingeweza kupatikana moja ya kijana wa daraja la kwanza kutoka mkoa usio na klabu kubwa. Swali hilo halikuwa na mwenyewe, kwa sababu sisi ambao tungepaswa kuliuliza tulikuwa tumeshakaa katika timu za watu wengine.

Linganisha na Zanzibar. Zanzibar ina timu yake katika Kombe la Chalenji. Desemba 2017, kule Kenya, iliifunga Tanzania Bara 2-1, kisha ikafika fainali na kupoteza kwa Kenya kwa penalti. Mzanzibari anapouliza wa kwetu ni yupi, ana jezi ya kumwonyesha. Sisi wa mikoani, tangu Kombe la Taifa lilipofifia, hatuna.

*

Tuliwahi kuwa nayo kwa miaka sita.

Ndanda FC ilipanda ligi kuu kwa msimu wa 2014/15. Kumbuka hali ya hewa ya wakati ule. Mwaka uliotangulia, 2013, Mtwara ilikuwa imewaka moto kwa maandamano ya kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Watu walikuwa wakiuliza kwa nini kila kinachopatikana Kusini lazima kiondoke ndipo kiwe na faida. Katika hali hiyo ikapanda timu yenye jina la Ndanda, kijiji cha misheni ya Wabenediktini wilayani Masasi, ikichezea Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini, uwanja uliopewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa TANU kutoka upande wetu wa Newala. Wakaiita Wana Kuchele. Kuchele, kwa wasiojua lugha zetu, ni kumekucha.

Nilikwenda kuiona mara mbili. Mara ya kwanza ilicheza na timu ya kawaida, jukwaa lote likawa la nyumbani. Mara ya pili aliyekuja alikuwa mmoja wa wale wawili wa Kariakoo, na hapo niliona nilichokuwa nasimuliwa. Nusu ya watu wa Mtwara walikuja uwanjani kwao wakiwa wageni. Jirani yangu alikuwa amevaa jezi ya mgeni na kufunga kitambaa cha Ndanda mkononi. Ndanda ilipokaribia goli alisimama, na mgeni alipokaribia goli alisimama vilevile. Nikamuuliza, kaka, wewe uko wapi? Akaniambia, "Hii ni timu yangu, na hii ni kwetu." Aliona ameshajibu, nami wakati ule nilimcheka. Leo simcheki.

Msimu uliomalizika Julai 2020 Ndanda ilishuka daraja. Mwezi huohuo, tarehe 24, alifariki Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa nchi hii, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda. Baada ya kifo chake uwanja mkubwa wa taifa, wenye viti 60,000, ambao ujenzi wake ulianzia katika utawala wake na ukafunguliwa mwaka 2007, ulipewa jina lake. Kwa hiyo ilitokea kwamba jina la mtu wa Masasi lilipanda kwenye lango la uwanja ambamo Taifa Stars inacheza, katika kipindi kilekile ambacho timu yenye jina la Ndanda ilikuwa inatoka kwenye ligi. Mkapa huyohuyo ndiye ambaye serikali yake iliharakisha ubinafsishaji wa mashirika ya umma, yale yaliyokuwa yakiwapa wachezaji wa mikoani ajira. Sisemi alikosea, mashirika mengi yalikuwa hoi kabla yake. Nasema vitu hivi viwili viko katika historia moja, na kwetu tunakumbuka uwanja tu.

Jirani zetu wa Ruangwa, mkoani Lindi, walijaribu kwa njia nyingine. Namungo ilipanda mwaka 2019, mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani na kufungwa na Simba, na bado ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika hadi hatua ya makundi. Ilitutia moyo sana. Lakini hata pale, ukisoma orodha ya wachezaji, wengi walisajiliwa kutoka mbali, wengine nje ya nchi. Timu ilikuwa ya Kusini. Njia ya kijana wa Kusini kuifikia ilikuwa bado nyembamba.

*

Nina binamu, mtoto wa mjomba huyohuyo. Nitamwita binamu tu. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao watu walitoka Kitangari kuja kuutazama. Akiwa na miaka 19 alikwenda majaribio katika timu moja ya daraja la chini, mbali na nyumbani. Wakampenda, wakampa fomu, akasaini juu ya boneti ya gari, maana basi la kurudi lilikuwa linaondoka. Hakupewa nakala. Kuhusu mshahara alielezwa kwa mdomo.

Mshahara ulikuja miezi miwili, ukakata. Alirudi nyumbani, na timu nyingine ilipomtaka, ile ya kwanza ikasema ana mkataba wa miaka mitatu. Binamu hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ni mmoja, kama alivyoambiwa. Hakujua kwamba mchezaji asiyelipwa ana haki ya kudai, na kwamba shirikisho lina kamati ya kusikiliza mambo hayo. Alikaa misimu miwili bila kucheza. Leo ananunua na kuuza korosho, ana watoto wawili, na Jumamosi huchezea timu ya mtaa. Mguu wa kushoto bado upo.

Ndiyo maana sakata la Feisal Salum lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Mnalikumbuka. Feisal, Mzanzibari aliyetoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018, mwishoni mwa 2022 aliamua kuondoka, akaweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu akisema amevunja mkataba wake kwa mujibu wa vipengele vyake. Yanga ikasema hapana. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita akiwa nje ya uwanja. Hoja ya mkataba ikageuka hoja ya Zanzibar na Bara, ya wanyonge na wenye nguvu, ya ugali na sukari. Juni 2023, Rais Samia alipoialika Yanga Ikulu kuipongeza kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwaomba viongozi walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye likamalizika, na Feisal akaenda Azam.

Kijiweni Newala wengi waliokuwa Yanga walimlaumu, na wengi waliokuwa Simba walimtetea. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine. Mtu huyu, tumlaumu au tumtetee, alikuwa na mkataba unaoweza kusomwa. Watu walibishana kuhusu kipengele hiki na kile kwa sababu kipengele kilikuwepo. Alikuwa na mawakili, na nyuma yake kulikuwa na kisiwa kizima kilichojua kwamba ni wao. Binamu yangu alikuwa na boneti ya gari.

Kanuni za FIFA zina jambo moja ambalo watu wa kwetu wangelielewa upesi kama wangeelezwa. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Yaani hata akifika Ulaya, timu ya utotoni mwake inahesabiwa. Sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao tumezoea mtoto kuhesabiwa upande wa mama. Baba anaweza kuwa na jina na shamba, lakini ukoo ni wa wajomba, nao ndio wanaoulizwa mambo makubwa. Ile asilimia 5 ni kama mpira unakiri kwamba mchezaji ana wajomba.

Tatizo ni kwamba mgawo huo hufuata kumbukumbu za usajili. Klabu ambayo haijasajiliwa haimo. Mwaka ambao kijana alicheza mchangani bila fomu ni mwaka ambao hakulelewa na mtu. Timu iliyomnunulia binamu yangu viatu vya kwanza, kwa michango ya msimu wa korosho, haikuwa hata na daftari. Angefika mbali, fedha hizo zingeanza kuhesabiwa kutoka mahali alipokwenda, siyo mahali alipotoka. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mjomba, baada ya miaka yote hii. Wa kwetu huenda wapo, nao huonekana kuwa wa kwetu pale tu tunapokuwa tumeandika.

Sitaki kudanganya kwamba karatasi italeta haki yote. Uteuzi wa timu ya taifa hautakiwi kugawanywa kwa mikoa kama mbolea ya ruzuku, acheze anayeweza. Lakini anayeweza lazima kwanza aonekane, na anayeonekana lazima alindwe asipotee kwa saini moja. Mwaka 2027 fainali za Mataifa ya Afrika zitachezwa hapa, Kenya na Uganda. Watoto waliokuwa wamekaa chini kwenye lile banda mwaka 2019 sasa wana miaka 17, 18. Baadhi yao wanacheza.

Nilirudi likizo iliyopita, nikapita uwanja wa Makote jioni. Binamu alikuwa amesimama pembeni na filimbi shingoni. Amekuwa kocha bila kutangaza. Chini ya mkorosho kulikuwa na mkoba wake, na ndani yake daftari la kurasa 96, lile la shule. Kila ukurasa jina la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa, mwaka alioanza, na mwishoni ameacha nafasi tupu. Nikamuuliza nafasi hiyo ni ya nini.

"Wakija kuwachukua," alisema, "naandika nani kaja, na fomu naipiga picha kwa simu kabla mtoto hajasaini. Asiyetaka nipige picha, arudi kwao."

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti, akitazama mazoezi. Nikamwamkia. Akaniitikia, kisha akanyoosha fimbo kuelekea winga mmoja mwembamba aliyekuwa pembeni kabisa, karibu na mihogo.

"Yule," akasema. "Umeandika jina lake?"